Usiikimbie, Kaa Nayo: Tuongee Kuhusu Hofu ya Ghafla

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mliokaa kule karibu na mlango. Najua kwanini mmekaa hapo kwasababu na mimi kwa miaka mingi nilikuwa nakaa hapo hapo, iwe ukumbini, kwenye basi, ibadani, darasani, jicho la kwanza lilikuwa linatafuta mlango uko wapi, la pili linaangalia nani amekaa njiani atakayenizuia kutoka. Kwahiyo leo mtu akitaka kutoka katikati ya maongezi atoke, akitaka kurudi arudi, hakuna atakayegeuka kumuangalia.

Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa nimelala zangu vizuri tu, nikashtuka saa nane usiku moyo unadunda mpaka nausikia masikioni, kifua kimebana, vidole vina ganzi, jasho la baridi mgongo mzima, na kitu kimoja kiko wazi kabisa kichwani kwamba nakufa, yaani sio nahisi nakufa, NAKUFA. Nikaamsha watu, nikapelekwa hospitali, wakapima moyo, wakapima damu, na mpaka wanamaliza kupima nilikuwa nimeshatulia. Nikaambiwa huna kitu, nenda nyumbani kapumzike. Nawaambia ukweli hilo neno huna kitu liliniumiza kuliko kile kifua, kwasababu kitu nilikuwa nacho, ila hakuna aliyenipa jina lake, na ilinichukua karibu miaka 2 na safari nyingine nne za hospitali usiku kabla mtu hajakaa chini na kuniambia hiki kinaitwa shambulio la hofu, wengine wanasema paniki, na kinatibika.

Kwahiyo kama uko hapa na wewe uliambiwa huna kitu, mimi nakwambia unacho, na hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wanaishi na matatizo ya wasiwasi duniani, na katika kila wanne ni kama mmoja tu anayepata matibabu. Wala sio ugonjwa wa kizazi cha simu kama watu wanavyopenda kusema. Mwaka 1871 daktari mmoja wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu mamia ya askari aliowapima wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao, vijana wenye nguvu zao, moyo unawaenda mbio, pumzi inakata, kifua kinauma, na akiwapima wengi wao haoni ugonjwa wa moyo wa kuelezea mateso yote yale. Ni hadithi yangu kabisa, tofauti ni miaka tu.

Sasa naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye hili la mwili, maana mimi kilichonisaidia kwanza hakikuwa dawa wala zoezi, kilikuwa kuelewa.

Mwili wako una kengele ya hatari. Ukikutana na kitu cha kukuua, kabla hata hujafikiri, kengele inalia, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Mwanasayansi Walter Cannon alieleza haya zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwamba mwili unajiandaa kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia. Kwahiyo moyo unaongeza kasi ili damu ifike haraka kwenye misuli ya miguu na mikono. Damu inapungua kwenye ngozi, ndo maana vidole vinakuwa baridi. Tumbo linaambiwa subiri kwanza sio wakati wa kusaga chakula, ndo maana linasokota na unatafuta choo. Jasho linakuja ili ukikimbia usipate joto sana. Macho yanafunguka, mwanga unakuwa mkali. Kila kitu pale kina kazi yake, hakuna hata kimoja kilichoharibika. Shida ni kwamba kengele imelia na mwizi hayupo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwili ndo ulivyo, umeumwa mahali fulani, labda msiba, labda miezi ya kutolala, labda madeni, labda hujui hata ni nini, sasa unashtuka kila jani likitikisika.

Na hapa ndo penyewe sikilizeni. Kengele ikilia bila mwizi, wewe unatafuta mwizi. Unatafuta huku nje humuoni, unaanza kumtafuta ndani ya mwili wako, unausikia moyo unakwenda mbio unasema huyu hapa, ni moyo, nakufa. Ukishasema nakufa, kengele inasikia neno la hatari, inalia zaidi, adrenalini inaongezwa, moyo unazidi, na wewe unasema si nilisema! Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliandika mwaka 1986 kwamba huo mzunguko ndo moyo wa paniki, yaani ile tafsiri mbaya tunayowapa dalili za kawaida za mwili. Kwahiyo mtu wa paniki anaogopa hofu yenyewe, na hofu ni mwili wake, na mwili wako utaukimbilia wapi?

Tuje kwenye pumzi kwasababu ndo inawatesa wengi. Unahisi hewa haiingii, si ndio? Unavuta, unavuta tena, unapiga miayo, unafungua dirisha. Kumbe ukweli ni kinyume, unapumua KUPITA kiasi. Oksijeni mwilini iko ya kutosha kabisa, kinachopungua ni ile hewa ya kaboni unayoitoa, na ikishuka sana mishipa ya damu ya kwenye ubongo inajibana kidogo, hapo ndo unapata kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na pembeni ya midomo, na ile hali ya kuona kama dunia sio ya kweli au kama unajiangalia kutoka mbali. Ukisikia hivyo unavuta hewa zaidi, na ndo unazidisha. Kwahiyo mtu anayekuambia vuta pumzi kubwaaa ana nia njema lakini anakosea mwanzo. Anza kwa KUTOA. Toa polepole kama unapuliza mshumaa usiotaka uzimike, mpaka mwisho, tulia kidogo, halafu acha hewa iingie yenyewe kwa pua, kidogo tu, tumbo lijae kabla ya kifua. Ukitaka kuhesabu, ingiza kwa 4 toa kwa 6. Ukitoa pumzi moyo unapunguza mwendo kidogo, ndo mwili ulivyoumbwa, kuna mshipa mrefu wa fahamu unatoka kwenye ubongo unapita shingoni mpaka kifuani na tumboni, na kazi yake mojawapo ni kuuambia moyo taratibu. Na ule mtindo wa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi uacheni tafadhali, kwa mtu mwenye pumu au tatizo la moyo ni hatari, na wewe ukiwa kwenye hali ile huwezi kujua ni ipi.

Lakini pumzi isigeuke mtihani. Mimi niliharibu hapo kwa muda mrefu sana, nilikuwa nahesabu nne sita nne sita huku najiuliza mbona haishi mbona haishi, yaani nilikuwa nakimbia ile ile ila kwa kutumia pumzi. Jizoeze siku ukiwa mzima, dakika 5 asubuhi, 5 kabla ya kulala, ili siku ya siku mwili uwe unaijua njia. Na ikija, pumua ili uweze kukaa nayo, usipumue ili uifukuze. Najua inasikika kama ni kitu kimoja lakini sio, ukishaijaribu utaelewa tofauti.

Maana itapita. Hili nalisema nikiwa na uhakika nalo: mara nyingi paniki inafika kileleni ndani ya dakika kama 10, halafu inaanza kushuka, ufanye kitu usifanye kitu. Mwili hauwezi kukaa na kengele juu hivyo siku nzima. Wanaosema yangu inachukua masaa, mara nyingi ni zaidi ya moja zinafuatana kwasababu kila inaposhuka tunaichokoza tena kwa kuikagua, imeisha kweli? moyo ukoje? Na kuzimia unakokuogopa, mtu mara nyingi anazimia presha ya damu ikishuka ghafla, wakati kwenye paniki presha inapanda, kwahiyo kuzimia kwenye paniki ni nadra sana, ukiacha wale ambao wakiona damu au sindano wanaanguka, hao mwili wao unafanya vingine. Kichaa pia hupati, hakuna mtu anayepata kichaa kwa sababu ya paniki.

Vitu vya kushika mkononi wakati inapanda vipo, nitavitaja haraka. Bonyeza nyayo zote mbili sakafuni usikie uzito wako. Taja vitu 5 unavyoviona, 4 unavyoweza kugusa, 3 unavyosikia, 2 unavyonusa, 1 unachoonja, kwa sauti kama uko peke yako, sababu akili ikiwa inahesabu vitu vya nje inapata nafasi ndogo ya kukagua moyo. Maji ya baridi usoni yanapunguza mwendo wa moyo kwa watu wengi, ila mwenye ugonjwa wa moyo aulize daktari wake kwanza. Na jioni kuna zoezi la misuli, daktari wa Marekani Edmund Jacobson ndo alilifanyia kazi miaka ya 1920, unakaza ngumi sekunde kama 5, unaachia, unasikiliza tofauti, unahamia mkono, mabega, uso, tumbo, mapaja, mpaka vidole vya miguu. Mimi nilikuwa sijui kama naishi mabega yakiwa yamegusa masikio mpaka nilipofanya hili zoezi, nikalia, sikutegemea.

Hayo ni ya dakika ile. Sasa tuongee kinachofanya ugonjwa uwe ugonjwa, maana shambulio moja au mawili maishani watu wengi sana wanayapata na yanapita. Kinachotukamata ni kukwepa.

Mimi ya pili ilinipata kwenye basi. Nikashuka kabla ya kituo changu, na ile nimeshuka tu ikatulia, nikavuta hewa nikasema afadhali. Ile AFADHALI ndo iliyonifunga. Kwasababu ubongo ulijifunza pale kwamba basi ni hatari na kushuka ndo kulikoniokoa, haukupata nafasi ya kuona kwamba ingeshuka yenyewe hata ningebaki kwenye siti. Wiki iliyofuata nikaacha mabasi. Halafu nikaacha foleni. Halafu mikutano, halafu kukaa nyumbani peke yangu, halafu kwenda popote bila mtu wa kunisindikiza, halafu nikawa siendi bila chupa ya maji mkononi, simu imejaa chaji, na namba ya dokta juu kabisa. Dunia yangu ilipungua kidogo kidogo mpaka ikawa chumba kimoja, na hakuna siku hata moja niliyoamua hivyo, kila siku nilikuwa nafanya tu kitu kidogo cha akili ili nijisikie salama.

Kurudi nilirudi kwa njia ile ile, kidogo kidogo. Chukua karatasi, andika vitu unavyovikwepa, kile kinachokutisha kidogo kiweke chini, kinachokutisha kabisa kiweke juu, halafu anza na cha chini. Kwangu cha chini kabisa kilikuwa kusimama kituoni dakika 10 bila kupanda. Tu. Nikarudia kila siku mpaka ikawa inachosha, na ikishachosha hiyo ndo dalili ya kupanda ngazi, nikapanda basi kituo kimoja, baadaye vitatu. Sheria ni moja, usiondoke wakati hofu iko juu, baki mpaka ianze kushuka hata kidogo, ndo uondoke, ili ubongo uondoke na somo lingine. Na ukishindwa leo ukashuka njiani, hujaharibu kitu, kesho rudi kituo kile kile.

Kuna daktari mwanamke wa Australia, Claire Weekes, ambaye yeye mwenyewe ujanani aliambiwa kimakosa ana kifua kikuu na moyo ukawa unamwenda mbio kwa hofu, alikuwa anawafundisha wagonjwa wake mambo manne tu: ikabili, ikubali, elea juu yake, acha muda upite. Hilo la kuelea mimi lilinichukua muda kulielewa. Mtu akitupwa kwenye maji akapigana nayo anazama, akilegea yanambeba. Nilipoacha kuiambia hofu ondoka, nikaanza kuiambia haya njoo, kaa, nina safari yangu naendelea, ndo ikaanza kupungukiwa nguvu. Haikuwa siku moja, ilikuwa miezi.

Wataalamu pia wanaweza kukuletea dalili kwa makusudi, ukimbie pale pale uliposimama mpaka moyo upande, uzunguke kwenye kiti mpaka upate kizunguzungu, ili ujifunze kwamba moyo kwenda mbio ni moyo kwenda mbio tu. Fanya hivyo ukiwa umeshapimwa na ukiwa na mtu anayejua anachofanya.

Mengine ya kila siku. Kahawa, chai nzito, vinywaji vya kuongeza nguvu, angalieni hivyo, kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu mwilini na kwa mtu wa paniki ikiwa nyingi inaweza yenyewe kuleta shambulio, ila punguza taratibu usikate ghafla maana kichwa kitauma na utajitisha bure. Pombe inatuliza leo inakudai kesho asubuhi na riba, wasiwasi wa asubuhi baada ya kunywa ni kitu halisi kabisa. Usingizi uwe na saa yake. Kutembea kwa haraka nusu saa siku nyingi za wiki kunasaidia, na faida nyingine ni kwamba unazoea moyo kupanda kwa sababu nzuri.

Na wale ambao hofu yao haiji kwa ghafla, inakaa tu siku nzima kama redio isiyozimika, itakuwaje watoto, itakuwaje kazi, itakuwaje nikiumwa, jaribuni kuipa saa yake. Nusu saa kila siku, mfano saa kumi na moja jioni, sio karibu na kulala, sehemu ile ile, unakaa na daftari unahangaika kwa makusudi. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi uandike neno moja tu, uuambie jioni tutaonana. Nusu yake ikifika jioni utakuta huna hata hamu ya kuijadili.

Hospitali. Mara ya kwanza kabisa nenda upimwe, usijipe jina mwenyewe, kwasababu tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, sukari kushuka, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, vyote vinaweza kufanana na paniki. Na kifua kikikubana ukiwa unafanya kazi nzito, au maumivu yakienda mkononi, shingoni au kwenye taya, au yasipopungua, usikae unahesabu pumzi, nenda. Dawa zipo na hakuna aibu kuzitumia, zile za kila siku zinachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na usiziache ghafla bila daktari. Zile za kutuliza haraka, jamii ya diazepamu, mwili unazizoea, zinahitaji uangalizi mkubwa, usipewe na jirani. Ukiweza kupata mtu wa tiba ya mazungumzo, ile ya kubadili fikra na tabia, ndo yenye ushahidi mkubwa kwenye paniki, na ndo iliyonirudisha mimi. Na kama umefika mahali unaona afadhali usiwepo kabisa, usisubiri hotuba iishe, njoo hapa mbele sasa hivi au mshike mkono aliyekaa pembeni yako umwambie.

Kuna kaka kaniandikia kikaratasi hapa, anasema ni mke wangu mwenye hiyo hali, mimi nifanye nini, maana nikimwambia tulia anakasirika.

Kaka asante kwa kuuliza. Usimwambie tulia, angeweza angeshatulia. Usimwambie hakuna kitu pia. Shuka chini mpaka macho yenu yalingane, ongea polepole na maneno machache, nipo hapa, ni ile hali imekuja, itapita kama ile ya juzi ilivyopita. Muulize kabla ya kumshika, wengine wakishikwa ndo wanabanwa zaidi. Wewe mwenyewe toa pumzi ndefu asikie, bila kumuamrisha, mara nyingi atakufuata bila kujua. Usiwaite watu, usifungue madirisha yote kama nyumba inaungua, maana akikuona wewe umeogopa atajua kweli kuna moto. Muongee mkiwa mmetulia siku nyingine, akwambie mwenyewe anataka ufanye nini. Na hili najua ni gumu kwa anayempenda: usimfanyie kila kitu anachokiogopa. Kama mlikuwa njiani mnaenda mahali ikamkamata, kaeni pembeni mpaka ipungue, mpe maji kama anataka, halafu muulize kwa upole kama mnaweza kuendelea, hata hatua chache tu, kuelekea kule kule mlikokuwa mnaenda.